Mbio za Mdako

Kiswahili kina neno la anayerusha, la anayedaka na la anayekimbia. Bado hakijatulia juu ya neno moja la mtu afanyaye yote matatu kwa pamoja: anayekimbia barabarani huku mipira mitatu ikipanda na kushuka mbele ya kifua chake, mkono wa kulia ukirusha na wa kushoto ukidaka, kisha wa kushoto ukirusha na wa kulia ukidaka, na miguu haisimami. Wazungumzaji wa Kiingereza waliyaunganisha maneno yao mawili, la kurusharusha na la kukimbia taratibu, wakapata neno jipya la mchezo huo. Sisi hatukuwa na haja nalo, na lugha haichongi chombo kabla ya kazi.

Kazi ilitufikia msimu wa kusi uliopita, hapa Ghuba ya Chole. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, binti niliyemfundisha Kiswahili alipokuwa sekondari, aliazimia kukimbia kutoka Kilindoni hadi Utende, kilomita zipatazo 15, akirusha mipira mitatu njia nzima, ili watu wachangie injini ya boti ya kuvushia wagonjwa. Alinijia jioni moja na karatasi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Nimeleta tangazo. Vijana wa kamati wameliandika, lakini wazee wamelikataa. Wanasema lina uchawi ndani yake."

Nililisoma. Uchawi wenyewe ulikuwa katika neno moja. Vijana walikuwa wameandika kwamba mwalimu wao "atakimbia huku akifanya kiinimacho", na kwamba fedha zitakazopatikana zitanunua injini. Mzee mmoja anayeheshimika hapa kijijini, mtu wa dini na wa bahari, aliposomewa maneno hayo alisema hawezi kuwaombea dua watu wanaotaka kuvusha wazazi kwa fedha ya kiinimacho. Wengine barazani wakamfuata. Hivyo jambo lililohusu uhai wa watu likasimama kwa sababu ya msamiati.

Kwa msomaji asiyeijua ghuba hii, nieleze kidogo. Kisiwa kikuu cha Mafia kina hospitali ya wilaya Kilindoni, upande wa magharibi. Utende iko upande wa pili, ufukweni mwa ghuba, na mbele yake vimekaa visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Maji haya yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Wageni huja kutazama matumbawe, popo wakubwa wa Chole na magofu ya Kua kule Juani. Mwenyeji huitazama ghuba kwa jicho jingine: anataka kujua maji yanajaa au yanakupwa. Siku za bamvua maji yakikupwa sana, sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga, matope na nyasi za bahari. Chombo hulala ubavu hadi bahari iamue kurudi. Mgonjwa ambaye zahanati imeshindwa naye, akaandikiwa kwenda Kilindoni, ana safari mbili mbele yake: ya maji na ya barabara. Ya barabara siku hizi ni nyepesi. Ya maji ina saa zake, na uchungu wa uzazi haujui saa hizo.

Dada wa binti huyu aliushikwa usiku wa bamvua. Walitoka kwa mashua ya tanga na pondo, upepo ukawa mchache, maji yakawakimbia wakiwa katikati. Walikaa juu ya matope mpaka alfajiri. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hakuna wa kulaumiwa kwa maji kupwa, lakini wavuvi waliokuwamo walisema kwamba injini ingewavusha mapema, kabla maji hayajaisha. Maneno hayo ndiyo yaliyomwingiza yule mwalimu barabarani.

Basi turudi kwenye neno. Nilimwomba aniachie karatasi siku mbili, nikakaa na kamusi zangu na kumbukumbu zangu.

Kiinimacho lilikuwa kosa la maana kabla ya kuwa kosa la dini. Mfanya kiinimacho, au mazingaombwe, huishi kwa kuficha. Anakuonyesha mkono mmoja ili usiutazame wa pili. Sarafu imo kiganjani, naye anakuaminisha kwamba imo sikioni mwako. Mrusha mipira hana cha kuficha. Vyote alivyo navyo viko hewani, mbele ya macho ya kila mtu, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuvihesabu. Ustadi wake wote ni kwamba unaona anachokifanya na bado huwezi kukifanya. Kuyachanganya mambo haya mawili ni kumwita mwenye duka mwizi kwa kuwa wote wawili hushika fedha.

Nikalijaribu sarakasi. Neno hilo limekuwa letu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sanaa hiyo, na waliporudi walikuwa kiini cha kikundi cha taifa cha sarakasi. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi tulivyowastaajabia wale waliopandana mabegani na kuzungusha sahani juu ya vijiti. Tatizo ni kwamba neno hilo limekwisha kuchukuliwa na waandishi wa habari za siasa. Leo ukisema "sarakasi", msikilizaji anauliza ni chama gani. Fedha za wagonjwa hazistahili kuandikwa chini ya neno ambalo nusu ya maana yake ni ujanja.

La tatu lilikuwa danadana. Hili ni karibu zaidi, kwani mpiga danadana huuchezea mpira kwa mguu, goti na kichwa bila kuuacha uguse ardhi. Lakini nani katika nchi hii hajawahi kupigwa danadana? Nenda leo, rudi kesho, mwenye muhuri hayupo, mwenye muhuri yupo ila wino umekwisha. Kamati yenyewe ilikuwa imebeba barua ya kuomba boti kutoka mlango hadi mlango kwa muda mrefu, na kila mlango uliisukuma barua kwa mlango wa pili. Kuwaambia watu hao kwamba sasa mwalimu wao atawapigia danadana kungekuwa dhihaka.

Lilikuwa jambo la kunishangaza kuona kwamba maneno matatu tuliyo nayo kwa vitu vinavyorushwa yote yamegeuka kuwa majina ya udanganyifu au usumbufu. Labda lugha imejifunza hivyo kwa uzoefu: kila mara mtu alipotuonyesha kitu hewani, kuna kingine kilichotoweka chini.

Neno la nne sikulipata katika kamusi kwanza, nililipata uani. Wajukuu wa jirani walikuwa wamechimba kishimo mchangani, wamekijaza vijiwe, wanacheza mdako. Msomaji aliyekulia pwani au bara anaujua. Mchezaji hurusha kijiwe kimoja juu, na kabla hakijashuka huchota vijiwe shimoni kwa mkono uleule, kisha hukidaka. Hurusha tena, na safari hii huvirudisha vile vijiwe shimoni ila kimoja, ambacho ndicho faida yake. Akikosa kudaka, zamu imekwisha. Wenzake wamekizunguka kishimo, macho yote mkononi mwake. Hakuna mchezo wenye wakaguzi wengi kama huu. Binti wa miaka minane akichota vitatu akasema viwili, mashahidi watano watapaza sauti kabla hajafunga kiganja.

Hapo nikaona kwamba neno tulikuwa nalo. Kudaka ni kitenzi safi: golikipa anadaka, mama anadaka embe lililorushwa na mwanawe mtini. Na Kiswahili kina kanuni yake ya kuita mbio kwa kile kinachozitofautisha: mbio za vijiti, mbio za magunia, mbio za ngalawa. Kwa kanuni hiyohiyo, hizi ni mbio za mdako. Nililifuta kiinimacho kwa mstari mmoja na kuliandika neno hilo juu yake.

Yule mzee alipoletewa tangazo jipya alilisoma mwenyewe, akacheka kidogo. "Mdako naujua," alisema. "Lakini mwalimu, bado nina neno. Sadaka njema ni ile ya siri. Hii yenu ina ngoma na mbio. Kwa nini mtu asitoe akanyamaza?"

Lilikuwa swali zito, na sikutaka kulijibu kwa methali. Mafundisho ya dini yake na yangu yanasifu sadaka ya siri bila kukataza ya dhahiri. Nilimjibu kwamba katika mchango kuna watu wawili, na kila mmoja ana adabu yake. Mtoaji anaweza kujificha, na pengine ndiyo heshima yake. Mpokeaji hana ruhusa hiyo. Aliyetoa afichike akitaka. Kilichotolewa kisifichike hata kidogo. Mzee alinyamaza, akasema atafikiri. Hakukubali siku ile, wala sikumtaka aharakishe.

Mbio za hisani si jambo geni kwetu. Nairobi wanazo mbio za Mater kwa ajili ya matibabu ya moyo ya watoto. Dar es Salaam, mbio za CRDB zilianza mwaka 2020, na fedha zake zimesaidia upasuaji wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Maelfu hukimbia, kampuni hutoa hundi kubwa, picha hupigwa. Sisi hatukuwa na maelfu wala hundi. Tulikuwa na mtu mmoja na mipira mitatu, na ilibidi aonekane kutoka mbali.

Binti aliujua mchezo huu kutokana na video za wakimbiaji wa ng'ambo. Mashuhuri kati yao ni Michal Kapral wa Kanada, ambaye mwaka 2007 alikimbia marathoni ya Toronto akirusha vitu vitatu, akamaliza kwa saa 2, dakika 50 na sekunde 12. Kwa kulinganisha, Kelvin Kiptum wa Kenya, mikono mitupu, alikimbia saa 2 na sekunde 35 kule Chicago mwaka 2023. Yaani mipira mitatu na kila kilichomtenga mtu huyo na mkimbiaji bora wa dunia vilijumlika kuwa chini ya dakika 50. Anayedhani ni mchezo wa kitoto na ajaribu mita mia.

Kilichonivuta zaidi ya muda ni sheria. Katika mashindano ya mchezo huu, mpira ukianguka mkimbiaji haruhusiwi kuuacha, wala haruhusiwi kuuokota ulikobingirikia akaendelea kutoka huko. Hurudi mahali alipoupoteza, akaanza kurusha tena kutoka hapo. Hakuna hatua inayohesabiwa ambayo haikukimbiwa na mipira ikiwa kazini. Kuanguka si aibu. Aibu ni kusonga mbele kana kwamba hakuna kilichoanguka.

Kwa Mtanzania sheria hiyo ina sura ya mtu. Mwaka 1968 kule Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki, akaumia goti vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani, mguu umefungwa bendeji, giza limeingia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza, si kuanza tu. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari hiyo kila mwaka, na huyu binti alikuwa mmoja wao.

Mazoezi yalifanyika ufukweni Utende wakati wa maji kupwa, mchanga ukiwa mgumu. Mipira aliishona mwenyewe kwa kanga kuukuu, ndani akatia choroko ili isidunde ikianguka. Nilikwenda kumtazama mara nyingi kuliko nilivyokusudia, kwa kuwa nilichokiona kilikuwa ushairi.

Wapenzi wa bahari za mashairi watanielewa. Mrushaji wa mipira mitatu akikimbia hawezi kurusha apendavyo. Hulinganisha mrusho na hatua. Mkono unaorudi nyuma na kwenda mbele kwa ajili ya mbio ndio huohuo urushao, basi kila hatua ina mrusho wake. Mguu ukiongeza kasi, mipira lazima ishuke chini kidogo ili iwahi kurudi. Mguu ukilegea, mipira hupanda. Hiyo ndiyo mizani. Mshororo wa mizani kumi na sita una ukwapi wa nane na utao wa nane, mkono na mkono. Kina kinachorushwa katika ukwapi wa kwanza hakina budi kudakwa katika ukwapi wa pili, wa tatu na wa nne, na wakati huohuo kina cha utao kiko hewani. Mtunzi chipukizi hukosea kwa kukitazama kina kimoja tu. Binti naye mwanzoni aliitazama mikono yake, na mipira ikaanguka mfululizo. Alipojifunza kutazama mahali mipira inapofikia kilele, mikono ikajua yenyewe pa kuipokea.

"Mwalimu, sihesabu tena," aliniambia jioni moja, jasho likimtoka chini ya mtandio. "Nikihesabu, naangusha."

Ndivyo ilivyo kwa mshairi aliyekomaa. Hahesabu mizani kwa vidole; sikio humwambia mahali palipopungua silabi. Lakini haijalishi ukomavu wake, akikuta mshororo una mizani kumi na tano hawezi kuuziba kwa mshororo unaofuata. Lazima arudi palepale.

Kamati iliniomba beti moja ya kusomwa asubuhi ya mbio. Niliandika hii:

Mpira ukianguka, rudi ulipo njiani,
Usione ni dhihaka, kuuinamia chini,
Fedha nayo kadhalika, ihesabiwe mezani,
Mwenye kurusha adaka, hisani i hadharani.

Siku yenyewe alianza Kilindoni baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali. Utaratibu ulikuwa rahisi. Watu waliahidi kiasi kwa kila kilomita, au walitoa papo hapo. Kila baada ya kilomita chache kulikuwa na meza, sanduku na daftari, na watu wawili wa kuandika. Mimi nilikaa nyuma ya bodaboda, mkononi nina daftari jingine la kuandika kila mpira uliodondoka na mahali ulipodondoka. Sijui kama kuna mwalimu mwingine aliyestaafu ambaye amepewa kazi tukufu kama hiyo.

Barabara ya Utende inapita kati ya minazi na mikorosho. Kusi ilikuwa ikivuma. Palipokuwa na miti, upepo ulikatika na mipira ikapanda wima. Palipokuwa wazi, ulimpiga ubavuni na mipira ikaelea kando. Mara ya kwanza kuangusha ilikuwa katika kilomita ya tatu. Watoto waliokuwa wakimfuata wakapiga ukelele wa kumzomea kidogo, kama watoto wafanyavyo. Yeye alisimama, akauendea mpira mtaroni, akaurudisha mahali ulipomponyoka, akaanza upya. Watoto wakanyamaza. Mara ya pili walikuwa wao waliokimbilia mahali pale na kuweka jani la mnazi ili asipakosee. Kufikia kilomita ya saba walikuwa na mtu maalumu wa majani.

Pembezoni kulikuwa na maneno pia. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kwamba mwanamke mtu mzima hastahili kurukaruka barabarani na mipira. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi alimjibu bila kuinua macho: "Siku mkeo atakaposhikwa na uchungu maji yamekupwa, mwambie asirukeruke." Aliyesema hakuendelea.

Kwa daftari langu, mipira ilianguka mara kumi na tisa. Mara zote kumi na tisa alirudi. Mara saba zilikuwa katika kilomita mbili za mwisho, mikono ilipochoka kuliko miguu. Aliingia Utende polepole sana, karibu na mwendo wa kutembea, mipira ikirushwa chini chini usawa wa kiuno, na hakuna aliyemwambia aikumbatie akimbie.

Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Ilikuwa haijaanza. Alasiri masanduku yalifunguliwa chini ya mwembe, mbele ya watu, na fedha ikahesabiwa kwa sauti. Daftari zilisema kiasi kimoja, fedha mezani zikasema kiasi kingine. Pengo lilikuwa shilingi elfu kumi.

Kila mtu aliyewahi kukaa katika kamati anajua kinachofuata kwa kawaida. Kwanza watu huangalia chini. Kisha mmoja mwenye nafasi husema, "Ni ndogo, nitaiweka mimi." Ndivyo ilivyotokea. Mfanyabiashara mmoja, kwa nia njema kabisa, alitoa noti ya elfu kumi na kuiweka mezani ili mambo yaishe. Wengi walishusha pumzi.

Binti aliichukua ile noti, akamrudishia kwa mikono miwili. "Ahsante, kaka yangu. Andika hii kama mchango wako mpya ukipenda. Ila ile iliyoanguka, twende tuitafute ilipoangukia."

Basi tukarudi. Hatukurudi kwa miguu, tulirudi kwa kurasa: meza ya mwisho, ya kabla yake, ya kabla yake tena, jina kwa jina, mwenye jina akiwapo aliulizwa, asiyekuwapo alipigiwa simu. Ilichukua muda mrefu. Jua lilishuka, maji yakajaa hadi karibu na mashina ya mikoko, na baadhi ya watu wakaondoka wakinung'unika. Katika daftari la kilomita ya sita tulikuta jina la mtu mmoja limeandikwa mara mbili, na tofauti ndogo ya herufi: mara moja alipoahidi, mara moja alipotoa. Hakuna aliyeiba. Fedha haikuwa imepotea hata kidogo. Kilichozidi kilikuwa wino.

Fikirini lakini, ndugu zangu, kama ile noti ya huruma ingebaki mezani. Hesabu ingelingana, na shaka ingebaki. Vijana wawili waliokaa kilomita ya sita wangeishi kijijini wakijua kwamba wanatazamwa. Mwaka ujao mtu angesema, "Mnakumbuka ile elfu kumi?" Fedha iliyoziba pengo ingekuwa kiinimacho halisi, hata kama aliyeitoa alikuwa na moyo safi kuliko sote. Tungekuwa tumesonga mbele na mpira umeachwa mtaroni.

Yule mzee wa sadaka ya siri alikuwapo tangu mwanzo wa kuhesabu hadi mwisho, amekaa kwenye gogo, hasemi. Tulipomaliza alimwita mjukuu wake, na mtoto akaleta bahasha isiyo na jina. Mwandishi akauliza aandike nani. Mzee akatazama baharini kana kwamba hakusikia. Wakaandika "Mja wa Mungu", wakafungua, wakahesabu kwa sauti mbele ya watu, wakatia saini. Kwa hiyo alibaki na msimamo wake, nasi tukabaki na wetu, na katika mstari mmoja wa daftari yote mawili yakakaa bila kugombana.

Fedha zilizopatikana hazikutosha injini. Zilifika zaidi ya nusu kidogo. Karatasi ya hesabu imebandikwa ukutani kwenye kibanda cha abiria wa Chole, ndani ya mfuko wa nailoni usiingie maji, na nakala nyingine imepelekwa Juani. Nimewaona watu wakiisoma wakisubiri chombo, kidole kikishuka jina kwa jina. Mbio za pili zitafanyika kusi ijayo, na safari hii wapo vijana watatu wanaojifunza, mmoja akiwa mvulana wa kilomita ya sita.

Nawaachia neno hili wapenzi wa lugha mlijadili: mbio za mdako, na mtu wake, mdakambio, kama sikio lenu litalikubali. Huenda wataalamu wakaleta bora zaidi. Nawasihi jambo moja tu. Msirudi kwenye kiinimacho, kwa kuwa neno tunalompa mtu anayeomba fedha kwa ajili ya mgonjwa ndilo litakalotufundisha jinsi ya kumtazama mikononi. Watoto wa hapa wamekwisha kuamua. Wakicheza njiani na mmoja akaangusha ndimu, akajaribu kuendelea kana kwamba haikuanguka, wenzake humpigia kelele neno moja: "Jani!" Naye hurudi.